Njiwa Saba na Shuka ya Merikani

Njiwa waliletwa kwangu siku ya kumi na sita ya eda, ndani ya sanduku la chai lililotobolewa matundu kwa msumari. Aliyelibeba kichwani alikuwa Masolwa, mlinzi wa nyumba ya Bi Jenabai, na nyuma yake alikuja Bi Jenabai mwenyewe akipapasa ukuta kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yamefunga utando. Alikuwa akituona sisi watu kama unavyoona kokoto chini ya maji ya mto uliokorogwa na ng'ombe.

Mimi nilikuwa ukumbini juu ya mkeka, nimejitanda shuka ya merikani nyeupe kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, nasuka ukili wa mikeka. Mume wangu Shaban alikuwa fundi wa reli. Homa ilimkamata akiwa kazini Tura, siku ya tatu akafariki, akaletwa Tabora na treni ya mizigo. Tangu tumzike sikuwa nimevuka kizingiti cha mlango wa mbele. Miezi minne na siku kumi, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi sikutaka kumpunguzia Shaban hata adhuhuri moja.

"Shikamoo, Mama Akbar," nilisema.

"Marahaba, binti yangu. Usiinuke. Sema tena neno moja nijue uko upande gani, nikae."

Nikasema karibu, naye akaifuata sauti yangu, akakaa. Alinieleza bila kuzunguka. Mwanawe Akbar anampeleka Dar es Salaam akapasuliwe macho, na safari hiyo ni ya miezi mitatu, labda minne. Nyumba itabaki na Masolwa, lakini Masolwa ni mtu wa Igunga, anajua ng'ombe tu. Na humu sandukuni mna njiwa saba weupe, mbegu ya njiwa alioacha marehemu mumewe Fazal. Yeyote atakayewatunza atampa gunia la mtama, na kila mwisho wa wiki Masolwa atamletea ujira wake mkononi.

"Majirani zako mama, hawapo?" nikauliza.

"Wapo, lakini wanatoka. Wanakwenda sokoni, wanakwenda harusini, wanakwenda kusalimia. Njiwa anataka mtu aliyetulia mahali. Nikakaa nikawaza, katika Tabora nzima ni nani asiyetoka? Nikakukumbuka wewe."

Wifi yangu Mwamvita, dada yake Shaban, ambaye ndiye aliyekuwa akinihudumia katika eda, alicheka mpaka kijiko kikamwanguka. "Haya wifi! Wengine tunachanika visigino kutafuta riziki, wewe unaajiriwa kwa kukaa kitako."

Nami nilicheka, chini ya shuka. Zamani nilikuwa nauza vitumbua stesheni, abiria wa treni ya bara wananijua kwa jina. Eda ilipoingia, vitumbua vikasimama, ukabaki ukili, na ukili peke yake haujazi chungu. Nikaona hii ni heri imekuja kwa miguu yake mwenyewe. Nikakubali.

Bi Jenabai akanifundisha. Njiwa mgeni hufungiwa siku arubaini ili ajue kwamba hapa ndipo kwake. Siku ya arubaini na moja unamfungulia akiwa na njaa, kabla ya magharibi, ili asiende mbali. Unatikisa kopo lenye mtama. Humwiti kwa jina, hupigi mluzi, husemi neno. Kopo tu.

Halafu akanitafutia mkono, akaushika. "Zamda, miaka sita nawasikia tu. Nawashika, nawapima kwa kiganja, siwaoni. Daktari akiyafungua haya macho, nataka nirudi niwaone wote saba. Nitawakuta?"

"Utawakuta, inshallah."

"Sema tena."

"Utawakuta, mama. Ni amana."

Akaondoka, kopo la maziwa la bati likabaki mapajani mwangu, ndani yake punje za mtama zikigonga-gonga kama zinataka kusema kitu.

*

Siku za eda si kama siku nyingine. Hazina Jumatatu wala soko. Kinachotembea ni jua peke yake. Linaingia kwa matundu ya misumari kwenye bati, linakuwa duara dogo sakafuni, duara hilo linatambaa juu ya mkeka, linapanda ukutani, linazimika. Nilijua wakati wa sala kwa duara hilo kabla sijamsikia mwadhini.

Na sasa walikuwepo hao wageni ndani ya sanduku, nyuma uani chini ya paa la jiko. Walikuwa wakinguruma kutwa kucha. Si sauti ya kinywa, ni sauti ya kifua, inaanza kwa mmoja, inapokewa na wa pili, inarudi. Mara nyingine nikiwa katika tasbihi nilisahau ni vidole vyangu vinavyohesabu au ni wao. Nilijiona kama niko katika nyumba moja na watu wanaosoma dhikiri chumba cha mbali, watu ambao sijaonana nao na tunajuana.

"Nanyi mko edani," niliwaambia siku moja nikiwabadilishia maji. "Nani kawafia?"

Mchana, baada ya adhuhuri, nilikuwa nikijinyoosha kidogo, na katika usingizi ule mwepesi bibi yangu Nyamizi alikuwa akija. Bibi yangu alikuwa mke wa mpagazi. Babu alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, kwa miguu, akirudi na mzigo wa vitambaa na shanga, akalala wiki mbili, akaondoka tena. Msafara ukikaribia kurudi, wake za wapagazi walitoka wakakaa kando ya njia, upande wa kwendea Tura, wakingoja. Bibi alitusimulia kwamba alikuwa na shuka moja tu ya merikani ya kukaa nayo pale njiani. Nyingine alikuwa nazo, alizikunja ndani. Sisi watoto tulidhani ni ubahili. Tulimcheka kama mji mzima ulivyomcheka Bi Jenabai, ambaye kila alipopanda darini kwa njiwa wake alivaa mtandio uleule wa kijani, hata siku ya Idi, na duka lake limejaa mitandio.

Katika ndoto bibi hakusema kitu. Alikaa tu kando ya njia, vumbi jekundu linapita mbele yake, na mimi nasikia kengele ya msafara kwa mbali haifiki.

Siku arubaini zikatimia. Ilikuwa ile wiki redio ilipotangaza kwamba majumba makubwa ya kupangisha sasa ni mali ya umma. Redio ya jirani ilisemea dirishani kwangu, watu barabarani wakaimba, mmoja akapiga debe. Mimi nilikuwa uani nimeshika mlango wa sanduku. Nikasema bismillahi, nikafungua.

Wakatoka mmoja mmoja, wakasimama ukingoni wakigeuza vichwa. Mbele alikuwa dume mmoja mwenye unyoya mweusi bawani, mmoja tu, kama mtu aliyechomeka kalamu. Huyo akaruka, sita wakamfuata. Wakazunguka juu ya mtaa wetu wa Mtendeni, juu ya mabati na migomba, juu ya watu na debe lao, wakawa wadogo. Moyo wangu ukawafuata. Nikatikisa kopo. Midomo nimeifunga, shuka imenifunika, mkono ndio unaotikisa. Wakageuka wote pamoja, kama kitambaa kinachokung'utwa, wakashuka. Mwenye unyoya mweusi alitua begani kwangu kwanza, halafu kichwani. Kucha zake nilizisikia kupitia merikani.

Tangu siku ile walitoka kila alasiri na kila alasiri walirudi. Mimi sikuweza kwenda popote, basi nikawa natoka nao. Nilisikia Maulidi kwa mbali nikiwatazama wao wakipita juu ya msikiti. Wakirudi nilikuwa nikiwanusa mabawa, yana harufu ya moshi wa stesheni.

*

Eda yangu iliisha Jumamosi, siku nne kabla ya Saba Saba.

Kutoka eda kwetu ni shughuli. Alfajiri Mwamvita na wanawake wenzake walinikogesha, wakanipaka hina, wakanifukiza udi, wakanivika kanga mpya, nyekundu yenye maua ya manjano. Mkeka niliolalia, sahani niliyolia chakula na shuka ya merikani alivichukua Mwamvita. Ndiyo desturi: vitu vya eda huondoka na aliyekuhudumia, havilali tena ndani ya nyumba. Aliyetoka eda akiivaa tena nguo ile, wanasema anauita msiba mwingine.

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka alasiri. Mimi nikakumbuka ni saa ya njiwa, nikaenda uani na kanga yangu, nikafungua mlango.

Walitoka kwa kishindo kimoja. Hawakusimama ukingoni. Walipanda, wakazunguka mara moja, wakaniona nimesimama na kopo langu, na badala ya kushuka wakapanda zaidi. Nikatikisa. Nikatikisa mpaka mtama ukamwagika. Walikaza mabawa kuelekea sokoni na sikuwaona tena.

"Watarudi," alisema Mwamvita akiniondolea mtama kwenye nywele. "Wifi, leo ni siku yako. Waache na wao watembee."

Jua likazama, sanduku likawa tupu. Usiku huo nyumba ilikuwa kimya kuliko usiku wa siku tuliyomzika Shaban.

Jumapili asubuhi, mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi, nilivuka kizingiti. Nilikuwa nimejisimulia sana siku hiyo, jinsi nitakavyokwenda kaburini, halafu stesheni. Kumbe nilikwenda mbio, natazama juu. Niliwakuta kule ambako nilijua nitawakuta, kwenye paa la ghorofa la Bi Jenabai, wote saba, wamekaa kwenye mlango wa dari lao la zamani.

Masolwa alikuwa getini, uso umemshuka. "Mama Zamda, nilikuwa naja kwako. Serikali imeichukua nyumba, ina mwenyewe mpya; sikutaka kukueleza ukiwa edani. Yupo juu."

Bwana Raymundi alikuwa mtu wa ofisini, mgeni Tabora, amepangiwa ghorofa ile tangu Juni. Alishuka ngazi na suti yake ya mikono mifupi yenye mifuko minne, mtu wa heshima, mwenye kupenda kucheka. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yangu, mimi nyumba hii nimekabidhiwa kwa sahihi," alisema. "Milango kumi na miwili, madirisha kumi na tisa, na vyote vilivyomo. Njiwa wako juu ya bati, na bati ni la nyumba. Tena Saba Saba nina wageni, na mke wangu anajua mchuzi wa njiwa."

"Ni amana ya mtu, baba."

"Kila mtu akija akasema kuku yule ni amana, mbuzi yule ni amana, mimi nitajuaje?" Akafikiri. Akacheka. "Basi tufanye hivi. Waite. Wakikuitikia, ni wako, ondoka nao hata sasa hivi. Wasipokuitikia, ni wa nyumba."

Nikaona ni haki. Nikasimama katikati ya ua, nikatikisa kopo.

Wale saba waliinamisha vichwa wakanitazama kwa jicho moja moja, kama watu wanavyomtazama mpita njia aliyekosea mlango. Mwenye unyoya mweusi akasogea hatua mbili. Kisha akarudi nyuma. Nikatikisa tena. Mke wa Bwana Raymundi alikuwa dirishani, na watoto wake, na mpishi, na watu wawili watatu wa barabarani, wote wananisubiri mimi.

"Labda hawajasikia," Masolwa alisema kwa huruma.

"Wamesikia," nikasema.

"Mama, nakupa mpaka Jumanne jioni," alisema Bwana Raymundi, na hakucheka tena, nadhani aliona uso wangu. "Jumatano ni sikukuu. Jumatano siwezi."

Jumatatu nilijaribu alfajiri, nikajaribu jioni. Nilibadilisha mtama nikatia uwele. Hawakushuka. Niliporudi nyumbani nilikuta barua ya Akbar mlangoni, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Mama anaona. Atafika na treni ya Jumatano asubuhi. Hajaacha kuwaulizia ndege.

*

Jumanne baada ya adhuhuri nilibaki juu ya mswala. Sikuwa na dua ya maneno. Nilisema tu, Mola wangu, nilimwambia atawakuta. Nikalala palepale, shavu juu ya mswala, na duara la jua likapanda mkononi kwangu.

Nikawa kando ya njia ya Tura. Vumbi lilikuwa jekundu na laini kama unga, na bibi Nyamizi alikuwa amekaa pembeni na shuka yake ya merikani. Safari hii kengele ilifika. Msafara ulikuwa unakuja, mrefu, wanaume wameinamia mizigo, na hawakuwa na nyuso, kila uso ulikuwa vumbi. Nikaogopa. Nikamwambia bibi, twende, hawatujui. Yeye akavuta shuka vizuri mabegani, kama mtu anayejiweka sawa kabla mgeni hajaingia.

"Mtu aliyetoka mbali haoni uso," alisema. "Anaona nguo. Nikibadilisha nguo atapita."

Na mpagazi wa kwanza akatua mzigo wake mbele yetu, na mzigo ule ulikuwa unanguruma.

Nikaamka. Sikunyanyuka mara moja. Niliitazama kanga yangu nyekundu, maua ya manjano, mazuri. Nikaunusa mkono wangu: udi. Nikamwona Bi Jenabai akipanda darini na mtandio wake wa kijani uliochakaa, siku ya Idi, na sisi chini tunamcheka.

Hawa ndege hawakunijua mimi. Tangu mwanzo walikuwa wakiijua shuka.

Nilimkuta Mwamvita kwake akipepeta mchele. Nilipomweleza ninachotaka, ungo ulisimama hewani.

"Unataka nini?"

"Ile shuka, wifi. Kwa saa moja."

"Nguo ya eda. Umeitoka juzi, nimekukogesha kwa mikono yangu hii, leo unaitaka tena. Unataka kumfisha nani? Kaka yangu keshakufa, nimebaki mimi!"

"Simfishi mtu. Nataka kuita njiwa."

"Watu watasema nini? Zamda katoka eda, kaona tamu, karudi!"

"Wifi, sikiliza. Eda ni siku. Nimekaa siku zote, hujaona hata moja iliyopungua. Mungu alihesabu siku, hakuhesabu kitambaa. Kitambaa ni pamba."

"Pamba iliyomlilia kaka yangu," alisema Mwamvita, akageukia sanduku lake, nami nikajua hakuogopa watu. Alikuwa amekwisha kuifua na kuikunja, ipo juu ya sanduku lake, na juu yake kofia ya Shaban.

Nilikaa chini. Mchele ulikuwa baina yetu.

"Bi Jenabai anaingia kesho," nilisema. "Miaka sita haoni. Nilimpa mkono, na wewe ulikuwepo, ukaangusha kijiko."

Mwamvita akapangusa pua kwa upindo wa kanga. Akainuka, akaondoa kofia taratibu, akanitupia shuka kifuani. "Chukua. Ikitokea kitu nitakuja kukuambia. Na nikifa mimi, nitakuja kukuambia vilevile."

*

Sasa sikieni nilivyovuka Mtendeni.

Nilijitanda shuka kama nilivyokuwa najitanda, kutoka utosini. Nilioga kwanza nikatoa udi. Mkono wa kulia kopo, wa kushoto tenga la kuku. Ilikuwa alasiri ya upepo wa Julai, vumbi linatembea barabarani kwa mafundo. Na mjane aliyevaa vile hatembei barabarani mchana isipokuwa kuna jambo zito.

Mwanamke wa kwanza aliyeniona aliweka ndoo chini. "Jamani, Zamda! Nani tena?"

"Hakuna, dada. Hakuna msiba."

Akamgeukia mwenzake. "Hajaweza hata kumtaja." Akajifunika kanga ya pili, akanifuata.

Mbele ya kinu cha kusagia wakatoka wengine watatu. "Pole, mama. Ni mzazi?" Nikasema hapana, naenda kuita njiwa. "Amechanganyikiwa," nikasikia nyuma yangu. "Mshikeni asianguke." Fundi cherehani alisimamisha mashine. Mzee mmoja alivua kofia. Nilipofika kona ya soko nikageuka, na nyuma yangu palikuwa na mstari wa wanawake, mmoja nyuma ya mwingine kwa sababu njia ni nyembamba, vichwa vimeinama, vumbi linapita magotini mwao. Ulikuwa msafara. Nikahisi kama natembea bado juu ya mswala wangu, jua mkononi, na nikiamka watatoweka.

Masolwa alipotuona alifungua geti lote, akashika kifua. "Mama, nani?"

"Njiwa," nilimwambia.

Bwana Raymundi alishuka ngazi mbio, mguu mmoja kiatu, mmoja ndara. Aliona ua wake unajaa wanawake wa msiba. "Kuna nini? Kuna nini nyumbani kwangu?"

Nilikwenda katikati ya ua, nikafunga midomo, nikatikisa kopo.

Walikuwa wamejipanga ukingoni mwa bati. Mwenye unyoya mweusi akainua kichwa. Sijui njiwa anafikiri nini. Najua kwamba alinyanyua mguu mmoja, akaushusha, kisha akajiachia. Alishuka wima kama kitu kilichodondoshwa, akafungua mabawa mbele ya uso wangu, na zile kucha nikazisikia begani. Halafu wote. Kichwani, mabegani, kwenye mkono ulioshika kopo, mmoja tumboni ameng'ang'ania shuka. Wakaanza kunguruma, na ngurumo ile ikaniingia kifuani, nikasimama ndani ya weupe bila kujua wapi shuka inaishia na wapi ndege wanaanza.

Mmoja wa wale wanawake akasema, "Kumbe marehemu wana mabawa." Na ua mzima ukacheka, mpaka mzee aliyevua kofia akairudisha.

Bwana Raymundi alijikuna shingo. "Mama yangu," alisema, "chukua ndege wako. Mimi nitachinja kuku."

*

Jumatano Bi Jenabai alitoka stesheni akaja moja kwa moja kwangu, Masolwa amembebea kasha. Kwenye nyumba yake hakupita; habari zake alikwisha zipata. Alikuwa amevaa miwani minene, na gauni la bluu la kitambaa kizuri, na nywele zimesukwa.

"Usiniambie wewe ndiye Zamda," alisema. "Nilidhani mfupi."

"Shikamoo, Mama Akbar."

"Marahaba. Unajua kitu cha kwanza nilichoona? Pua ya daktari. Miaka sita giza, halafu pua." Akacheka, kisha hakucheka tena. "Nionyeshe."

Niliwafungulia uani. Walitoka, wakaiona miwani, wakaliona gauni la bluu, na kabla sijatikisa kopo walikuwa wamekwisha panda juu ya paa la jiko, wamejikusanya, wananyoosha shingo.

Bi Jenabai alisimama mikono imenyooka mbele, viganja juu, kama alivyozoea alipokuwa haoni. Hakuna aliyekuja. Niliuona uso wake. Ni uso nilioujua, niliuvaa Jumapili katikati ya ua wa watu.

"Mtandio wangu," alisema polepole. "Gulshan aliutupa kule Dar. Mke wa Akbar. Alisema, mama, sasa unaona, utavaaje tambara."

Shuka ya merikani ilikuwa imekunjwa juu ya kinu, nimeitayarisha kumrudishia Mwamvita. Sikuthubutu kuigusa. Mwamvita alikuwa mlangoni, amekuja kuhakikisha hajafa mtu. Alitazama paa, akamtazama Bi Jenabai, akasonya. Akaichukua shuka mwenyewe, akaikung'uta, akaenda akamfunika yule mama kuanzia utosini, akaivuta vizuri mabegani.

"Huyu ni mjane wa zamani," alituambia sote, kana kwamba tumembishia. "Hana mume wa kumfisha. Tikisa kopo, wifi."

Nikaliweka kopo mkononi mwa Bi Jenabai. Akalitikisa kwa namna yake, mara mbili fupi, mara moja ndefu, namna ambayo mimi sikuwahi kuijua.

Mwenye unyoya mweusi ndiye aliyeshuka kwanza. Alitua kiganjani. Bi Jenabai hakumtazama mara moja; alifumba macho yake mapya, akampima, akiinua na kushusha mkono kidogo, kama mtu anavyopima nyanya sokoni. Ndipo akafumbua.

"Kumbe wewe," alimwambia. "Kumbe una weusi."